Gumzo la ukoo: Babu yuko Jinja, Uganda, na mjukuu wake Zahra

Hawa (4:10 asubuhi): Asalaam aleikum jamaa zangu. Tumefika Jinja salama. Msitu wa Mabira ulikuwa malori tupu. Tulisimama Najjembe tukanunua kuku wa kuchoma na ndizi za gonja, lakini Babu hakugusa. Anasema atakula akishaiona nyumba waliyokulia.

Bibi Mwajuma: Waaleikum salaam mwanangu. Mwambie Ramadhani asinywe dawa yake ya presha na tumbo tupu.

Hawa (4:52): 📷 Landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli. Babu anasema nyumba ni hii. Tumepiga hodi na mama mwenye nyumba ametukaribisha vizuri sana.

Bibi Mwajuma: Siyo hiyo. Hapo alikaa fundi wa mabehewa. Yetu ilikuwa ya mwisho kwenye mstari, mlango unatazama reli. Treni ikipita, vikombe vya mama vinagongana kabatini.

Rashidi: Shikamoo Bibi. Kumbe unakumbuka hadi mlango!

Bibi Mwajuma: Marahaba. Nilichota maji pale kila alfajiri, nitasahauje? Mwambieni atafute bomba. Akisimama bombani akalipa mgongo jua la asubuhi, nyumba iko kushoto.

Babu Ramadhani (5:20): Dada, umesema kweli. Bomba halina koki tena ila saruji yake ipo, pale ulipokuwa unanisugua miguu kwa jiwe nikilia. Nyumba ndiyo hii ya mwisho. Wanakaa watu wa familia mbili. Chumba cha mama kuna cherehani, kijana anashona sare za shule. Nimeomba nikae kidogo kizingitini, wakaniletea kiti. Nimekataa kiti.

Bibi Mwajuma: Kaa, ndugu yangu. Nikalie na mimi.

Hawa (7:35 mchana): Sasa tuko mtoni, kwenye Nile. Bwawani sikupiga picha, askari hawaruhusu. Zahra anataka kuandika.

Hawa: Bibi ni mimi Zahra. Babu ametuambia tunyamaze tusikilize maporomoko. Mimi nasikia boti tu. Yako wapi?

Babu Ramadhani: Yako chini ya maji, mjukuu wangu. Wazungu waliyaita Ripon, tangu Speke, yule mvumbuzi Mwingereza, alipofika hapa mwaka 1862. Wenyeji walikuwa na jina lao, jinja, yaani mawe, na ndiyo maana mji ni Jinja. Lilipojengwa bwawa la Owen, hili wanaloliita Nalubaale sasa, mwamba ulichimbwa na maji yakapanda yakayafunika. Malkia Elizabeth alikuja kulifungua Aprili 1954. Nilikuwa na miaka 7.

Rashidi: Ulimwona, Babu?

Babu Ramadhani: Niliona migongo ya watu. Baba alinibeba begani, hata hivyo sikuona kitu.

Bibi Mwajuma: Wengine wanakumbuka malkia. Mimi nakumbuka kimya. Tulizaliwa tukiusikia ule mvumo, usiku ndio unatulaza. Ulipokoma, mama alikuwa anaamka usiku wa manane anafungua mlango, anauliza kuna nini huko nje. Hakuna kitu, mama, lala. Kesho yake tena. Baba alifurahia umeme, na ni haki yake, taa ilikuwa neema. Mama hakuwahi kuuzoea usiku ule.

Rashidi: Hili sijawahi kulisikia, Bibi.

Bibi Mwajuma: Hamkuwahi kuniuliza.

Hawa: Bibi ni Zahra tena. Mvumo ulikuwaje?

Bibi Mwajuma: Sufuria kubwa ya maji ya ugali ikichemka chumba cha pili, mlango umefungwa. Lakini haikauki, na hakuna anayekuja kuipua. Ngoja.

Bibi Mwajuma: 🎤 Ujumbe wa sauti, sekunde 14

Hawa (8:15): Babu ameisikiliza mara tatu, simu kaibana sikioni huku anatazama maji. Zahra naye anajaribu kuutoa mvumo huo kwa mdomo wake, Babu anamrekebisha: "Chini zaidi, kutoka kifuani."

Hawa (8:31): Sasa anakula. Kuku amepoa lakini anakula.