Uvimbe na kovu baada ya upasuaji wa pili wa pua: nimwone nani hapa Nairobi?

Kutoka: Binti Tanga, South B

Wapendwa, habari za majukumu na baridi hii. Nahitaji ushauri wa waliopitia. Pua yangu ilifanyiwa upasuaji nyumbani Tanzania, haikukaa vizuri, ikarudiwa India. Mwaka haujatimia. Juu kidogo ya ncha kuna uvimbe unaojaa asubuhi, jioni unapungua, na tundu la kushoto halipitishi hewa sawasawa. Kule nilikofanyiwa barua pepe zangu hazijibiwi. Shoga yangu anasema niukande kwa mafuta ya nazi, mwingine ananipeleka kwenye saluni moja ya urembo nikachomwe sindano ya kuyeyusha kovu. Nimechanganyikiwa.

Kutoka: Mama Pacha, Eastleigh

Pole sana mdogo wangu. Yangu nayo ilirudiwa, najua unavyojitazama kwenye kioo kila asubuhi.

La kwanza, usikubali mtu akuambie ni kovu kabla hajakupima. Kovu halipandi na kushuka kutwa. Kinachojaa asubuhi na kunywea jioni, kwa sehemu kubwa bado ni maji ya uvimbe. Pua iliyopasuliwa mara mbili hukawia kutulia kuliko ile ya mara ya kwanza, kwa sababu njia za kuondoa maji zimeshakatwa zaidi ya mara moja. Ncha ndiyo ya mwisho. Mwaka mzima ni kawaida, na ngozi nene kama zetu huenda hata mwaka na nusu au zaidi. Ndiyo maana madaktari wengi hawagusi tena kwa kisu kabla ya miezi 12 kupita.

Sindano ipo kweli. Ni steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe na kovu, mara nyingi ile iitwayo triamsinoloni, na ikitumiwa vizuri inasaidia kovu lililojikusanya juu ya ncha. Lakini huchomwa kidogo sana, chini kabisa, kati ya ngozi na gegedu, yaani ule mfupa laini wa pua, kisha unasubiri wiki kadhaa kabla ya nyingine. Ikiingia kwenye ngozi yenyewe, ngozi hukonda, hubonyea, na kwa weusi wetu huacha baka jeupe linaloonekana mbali. Na kuna hatari adimu lakini kubwa: mishipa ya damu ya pua imeungana na ya jicho, na watu wameshapoteza kuona kwa sindano za eneo hilo. Saluni hapana, dada. Nakuomba kabisa.

Kukanda pia usianze mwenyewe. Daktari wangu alinipa plasta ya karatasi ya kubandika usiku juu ya ncha, na alinionyesha kwa mkono wake nguvu ya kuivuta. Ukiibana sana inaumiza ngozi.

Hilo tundu la kushoto ndilo linalonipa wasiwasi zaidi kuliko umbo. Ndani, ukuta wa kati unaweza kushikana na nyama za pembeni kwa utando wa kovu. Daktari wa masikio, pua na koo huona kwa kamera nyembamba. Utando mdogo anaweza kuukata palepale kliniki baada ya kutia ganzi, kisha anaweka kitenganishi ili pasishikane tena. Au si kovu kabisa, ni gegedu limelegea. Vuta shavu la kushoto taratibu kuelekea sikioni huku ukivuta hewa. Njia ikifunguka, mwambie daktari hivyo hivyo, itamsaidia kujua pa kuanzia.

Kusafisha kwa maji ya chumvi kunafaa, ila yawe yamechemshwa yakapoa. Ya bomba moja kwa moja usiingize puani.

Kutoka: Mjomba, Buruburu

Binti yangu, Mama Pacha amesema vizuri. Mimi naongeza habari ya karatasi, maana ndiyo inayotukwamisha tulio mbali na kwetu.

Andikia hospitali ya India, si kumuuliza daktari maswali, bali kuomba ripoti ya upasuaji, kwa kitengo cha kumbukumbu. Daktari mpya atataka kujua kama uliongezewa gegedu, na lilitoka wapi: ukuta wa pua, sikio au ubavu. Na kama kuna kitu cha silikoni ndani. Kama kipo, halafu pua ikawa nyekundu, ikauma au ikatoa usaha, usingoje miadi, nenda siku hiyohiyo.

Hapa Nairobi, jina lolote utakalopewa litafute kwanza kwenye orodha ya Baraza la Madaktari, KMPDC, mtandaoni. Inaonyesha kama amesajiliwa na ubingwa wake ni upi. Hospitali ya Kenyatta ina idara ya pua na idara ya upasuaji wa kurekebisha maumbo, na za binafsi zipo pale Upper Hill na Parklands.

Kuhusu bima, shida ya kupumua na shida ya umbo ni mambo mawili kwao. La umbo kwa kawaida hawalipi. Daktari aandike wazi kwamba hewa haipiti, na uombe kibali kabla ya matibabu.

Kutoka: Binti Tanga, South B

Shikamoo Mjomba, asante sana dada. Nimevuta shavu, hewa imeingia kidogo tu, bado pamebana. Ripoti nimeshaiomba leo. Nimepata miadi Upper Hill Alhamisi asubuhi na nimeambiwa nije na mtu, huenda wakatia ganzi. Kuna anayeweza kunisindikiza kutoka South B?