Takwimu za besiboli za dogo zimewekwa mtandaoni na zinatia aibu, nimwombe kocha azitoe?

Wakuu habari za humu. Niko Houston mwaka wa tisa sasa, kijana wangu yuko darasa la kumi hai skuli na anacheza besiboli timu ya shule. Mimi huu mchezo nimeujulia ukubwani, nimekulia Tanga kwenye chandimu, kwa hiyo mnivumilie.

Kila mechi ikiisha namba za watoto wote zinapandishwa MaxPreps, tovuti ya takwimu za michezo ya shule huku, jina, urefu, uzito, kagonga ngapi kakosa ngapi, yaani hata bibi yake akiwa Muheza akigugo anaona. Dogo wastani wake .217, maana yake kajaribu kugonga mara 46 kapata hiti 10 tu, yaani kagonga akafika besi salama. Wenzake wana .340 huko, wanamtania kwenye basi, juzi kanikuta nimefungua ile kurasa akasema baba funga hiyo kitu. Imeniuma sana. Mzazi mwenzangu anasema bila namba mtandaoni chuo hakikuoni. Nifanyeje? Matusi hapana.

Kijiwe Nongwa: Hii si ndo ile rede ya kugonga na gongo? Wenzako huku tunatafuta kuonekana Google na vyeti vyetu mkuu, wewe unalia mwanao kaonekana bure 😂

Mama Wawili: Pole baba. Mimi nimekaa benchi miaka miwili na simu nabonyeza hizo namba, mara nyingi ni mzazi tu kajitolea au kocha msaidizi, si refa wala mtu wa ligi. Mpira ukimpita mlinzi katikati ya miguu mimi naandika ni kosa lake, basi mama wa aliyegonga anakuja kwenye uzio, "dada ile ni hiti kabisa!" Ukiwa mlaini mtoto wake anapanda. Kwa hiyo .340 ya shule moja siyo .340 ya shule nyingine, na mwingine kacheza na pitcha, yule mrusha mpira, anarusha maili 88 kwa saa mwingine maili 70. Hebu niambie kapewa besi za bure ngapi, zile za pitcha kurusha ovyo mara nne?

Mleta mada: Ngoja nichungulie. 14.

Mama Wawili: Haya sasa! Hizo 14 hazimo kwenye zile 46. Jumlisha, kasimama na gongo mara 60, kafika besi mara 24, hiyo ni .400. Ligi kuu ya Marekani yenyewe kwa ujumla inacheza kwenye .310 mpaka .320. Usimwambie ni staa lakini, mapitcha wa hai skuli wanarusha ovyo. Ila jicho analo, na hiyo namba iko kurasa hiyo hiyo, umesoma safu ya kwanza tu ukaanza kulia.

Zamani Chuo: Nimewahi kusaidia timu ya chuo cha miaka miwili. Kocha anazipitia hizo namba haraka haraka apate majina, akishapata anataka video, kasi ya mkono kwenye rada, na sekunde za kukimbia yadi 60. Hakuna anayechukuliwa kwa wastani peke yake, lakini ukimfuta wataanza kujiuliza aliumia au alifukuzwa. Halafu makocha wa vyuo vya Divisheni ya Kwanza, ngazi ya juu ya michezo ya vyuo, hawaruhusiwi kumtafuta kabla ya Agosti 1 ya kuingia darasa la 11, kwa hiyo una muda. Na mkazanie shule, Divisheni ya Tatu haitoi udhamini wa michezo kabisa, huko ni maksi.

Msomi wa Jioni: Kisheria shule inaweza kutangaza jina, urefu na uzito wa mchezaji labda mzazi akatae kwa maandishi, kwa hiyo haki ya kuandika barua unayo. Swali langu, mwenyewe umemuuliza? Maana uzi mzima tunajadili mtu hayupo.

Mleta mada: Msomi umenishika pabaya, sikuwa nimemuuliza. Nimemfuata chumbani nikamwonyesha ile .400, kumbe anaijua siku nyingi. Anasema namba ziache, utani wa basi ameshauzoea, kinachomkera ni kwamba wamemwandika futi 5 inchi 6 na yeye sasa hivi ana 5 na 8 😅 Kesho nakwenda kwa kocha kudai inchi mbili.