Mjadala: Askari wa kigeni na makabila ya Kivu, je, tatizo ni lugha kweli?

Ndugu aliyetangulia kuandika anasema askari wa kigeni walishindwa kuelewana na jamii zetu kwa kuwa hawakujua Kiswahili. Wangeletwa Waafrika wenzetu tangu mwanzo, anasema, mambo yangekuwa mengine. Mimi niko Bukavu, Kivu Kusini, mashariki mwa Kongo, na kwa heshima zote nakataa.

Wakenya walioingia Goma Novemba 2022 na jeshi la Afrika Mashariki walijua Kiswahili kuliko wengi wetu. Februari 2023 vijana wa Goma walikuwa barabarani wakiwapinga, na Desemba mwaka uleule askari hao wakafunga virago. Watanzania wa ile Brigedi ya Umoja wa Mataifa ya 2013 walipendwa, ni kweli. Lakini walipendwa kwa sababu walipigana pamoja na jeshi letu mpaka waasi wa M23 wakashindwa Novemba ya mwaka ule. Wangekaa kambini wakatusalimia kwa Kiswahili safi, tungewazomea kama wengine.

Kinachowashinda wageni ni kujua kwamba huku, ukiketi na mtu mmoja, kuna mwingine umeshamkosea. Bonde la Ruzizi, huku Kivu Kusini, ni mfano. Wafuliiru na Warundi wa huku Kongo wamegombania kiti cha uchifu wa bonde lile miaka na miaka, na juu ya hilo kuna ng'ombe na malisho yanayowagombanisha wao na Wanyamulenge wafugaji. Kamanda anafika, anauliza mkubwa wa hapa ni nani, anapelekwa kwa mmoja, wanapiga picha. Kwake hiyo ni adabu ya kubisha hodi. Kwa wa upande wa pili, mgeni ameshakata kesi.

Nimehudhuria mikutano ya namna hiyo. Wazee mbele kwenye viti, vijana wamesimama, akina mama nyuma wameketi chini. Mara moja mama mmoja alisimama, akaeleza kirefu: nani wanapita usiku, wanatokea kilima kipi, wanalala kwa nani. Mkalimani akamgeukia ofisa: “Anaomba doria ziongezwe.” Basi. Ofisa akaandika, akashukuru. Mimi simlaumu yule kijana. Ni mtoto wa palepale, na waliotajwa wanamjua kwao. Ofisa ana kambi yenye sengenge na mifuko ya mchanga. Mkalimani jioni anarudi nyumbani kwa miguu.

Na hapo ndipo wageni wengi hawajaelewa mpaka leo. Gari jeupe la Umoja wa Mataifa likisimama mbele ya nyumba yako, kijiji chote kimeona. Ukishambuliwa wiki inayofuata, hakuna atakayeuliza kwa nini. Halafu wanashangaa raia hawasemi!

Tena, raia wakisema, inakuwaje? Usiku wa tarehe 6 Juni 2014, pale Mutarule, katika bonde hilohilo, waliuawa watu wasiopungua 30, wengine kwenye ibada. MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa nchini Kongo, ilikuwa kilomita chache tu, habari ikawafikia, na usiku ule hawakuja kuwaokoa. Kabla ya hapo, Novemba 2008, watu wapatao 150 waliuawa Kiwanja, Kivu Kaskazini, kambi ya MONUC, kikosi kilichotangulia MONUSCO, ikiwa karibu kabisa. Baada ya Kiwanja waliona makosa, wakaanza kuajiri Wakongomani wa kukaa na jamii, kusikiliza na kupiga simu hatari inapokuja. Wazo lilikuwa zuri, na wale vijana walifanya kazi ya hatari. Lakini simu inafaa kitu gani kama anayeipokea haamki?

Kuna pia suala la zamu. Batalioni inakaa mwaka mmoja hivi, inaondoka, inakuja nyingine. Kamanda aliyekwisha kujua nani hawasalimiani na nani anapanda ndege. Mpya anaanza upya, na wazee wanaeleza mgogoro uleule kwa mara ya kumi. Wanachoka. Ningekuwa mimi ningechoka pia.

Kuhusu unyonyaji wa wasichana wetu uliofanywa na baadhi ya askari wale, sidhani kuna wa kubishana hapa. Uliua imani, na haukusababishwa na lugha.

MONUSCO iliondoka Kivu Kusini Juni 2024. Bukavu na Goma ziliangukia mikononi mwa M23 mwanzoni mwa 2025. Kama watakuja wageni wengine, wa bendera yoyote, mimi nadai hivi: wasikilizaji wao watoke katika kila jamii ya eneo husika, akina mama wasikilizwe peke yao, mbali na viti vya wazee, na kamanda anayeondoka akae na anayemrithi walau mwezi mzima, wazunguke pamoja.

Najua kuna watakaosema kuajiri kwa kuhesabu makabila ni kuchochea ukabila. Hoja hiyo naipa uzito. Ila kuajiri bila kuhesabu nako kumetupa ofisi zilizojaa watoto wa jamii moja, na jirani zao wanazihesabu hata kama mwajiri hazihesabu.

Wa Fizi, Masisi, Rutshuru na Walikale, tuandikieni: kwenu askari wa kigeni walianza kwa nani, na nani aliachwa nje?