Mawakala wa ziara za Wuzhen, acheni kuwapiga watu

Wakuu, huu upigaji umezidi. Mtu kamaliza kufunga mzigo Yiwu, mji wa masoko ya jumla China, kabakiwa na siku moja, wakala anamuuzia ziara ya mji wa kale wa mifereji: "Wuzhen nzima, kila kitu ndani". Uongo mtupu.

Wuzhen ina mageti mawili: Dongzha (mashariki) yuan 110, Xizha (magharibi) yuan 150. Tiketi ya pamoja ni yuan 190. Mnachofanya ni kukata ya Dongzha peke yake, mkamchaji mteja ya pamoja, akiuliza mnamwambia magharibi kumefungwa. Kumefungwa vipi mchana? Dongzha ndiyo hufunga mapema. Xizha iko wazi hadi usiku, na uzuri wake ni jioni taa zinapowashwa, kuta za mbao na matao ya madaraja yakaonekana mara mbili, juu na majini. Mwenye kujua anaanza Dongzha mchana, anaingia Xizha saa 10 jioni. Ninyi saa 10 ndiyo mnageuza gari! Halafu mteja anasema Wuzhen haina kitu.

Kibaya zaidi ni wanaouza "kiingilio cha Zhujiajiao", mji mwingine wa mifereji, pembezoni mwa Shanghai. Kuingia mji ule ni BURE. Zinazolipiwa ni sehemu za ndani, kama bustani ya Kezhi, na boti, ambalo hukodiwa zima, si kwa kichwa. Hata gari halihitajiki: panda metro ya Shanghai, laini ya 17 kutoka Hongqiao, nauli haifiki yuan 10, ukishuka tembea kidogo hadi Fangsheng, daraja la mawe la matao 5 la tangu 1571. Wahi kabla ya saa 3 asubuhi. Makundi yakishafika, hata pa kukanyaga kwenye ngazi hupati.

Na kupeleka watu Oktoba 1 hadi 7 ni ukatili. Ni likizo ya taifa, China nzima iko barabarani. Wanaonaswa ni wanaowahi maonesho ya biashara ya Canton (Guangzhou) ya Oktoba 15, maana hakuna aliyewaambia.

Mnaokwenda wenyewe: bebeni pasipoti halisi, na mashine ya getini ikiikataa nendeni dirisha lenye mhudumu. Kadi ya benki ya nje ndani ya Alipay, app ya malipo ya China, hukatwa 3% malipo yakizidi yuan 200, kwa hiyo lipieni tiketi za 190 moja moja, msizijumlishe.

Mawakala, tenganisheni bei ya gari na ya tiketi. Na wewe mteja, usitoe hela kabla hujaonyeshwa tiketi yenye jina la geti.