Mida: tulipwelewa na mtoto juani, na ndege wakafukuzwa mara tatu ili watu wapate video

Salamu kwenu waungwana. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie. Nimekaa nao siku nne nikitumaini hasira itapoa. Haijapoa.

Jumamosi iliyopita nilimpeleka mwanangu kwenye hori la Mida, pale karibu na Watamu, pwani ya Kenya, tupande kayaki tuangalie ndege. Ana miaka 10. Tangu Agosti ana daftari lake la ndege, anaandika kila anachokiona, kuanzia kunguru wa soko la Kongowea. Nilimwahidi kwamba shule zikifungwa nitampeleka Mida. Nikampigia simu mwenye biashara ya kayaki (simtaji yeye wala kampuni yake, sitaki kumharibia mtu jina, nataka kazi irekebishwe) nikamwambia wazi: tunataka utulivu, tunataka ndege, na mtoto hajawahi kupanda chombo kama hicho. Akanijibu hiyo ndiyo kazi yao. Nikatuma kwa M-Pesa pesa za watu watatu: mimi, mtoto, na mjomba wangu, kaka yake mama, ambaye amevua samaki Takaungu na Kilifi kwa zaidi ya miaka 40.

Tukaambiwa tufike saa mbili asubuhi.

Hilo ndilo kosa lililozaa mengine yote. Mwezi ulikuwa mpevu. Aliyekulia pwani hahitaji kuelezwa, lakini wa bara nawaeleza: mwezi ukiwa mpevu, na ukiandama, ni bamvua, maji hujaa sana na hukupwa sana. Tofauti ya kujaa na kukupwa hupita mita 3. Na pwani yetu bamvua ina saa zake. Maji hujaa kwenye saa kumi alfajiri na saa kumi na kitu jioni, na ikifika saa nne na nusu au saa tano asubuhi bahari imekwenda zake, umebaki mchanga na tope. Mida haina mto unaoingia. Ni mkono wa bahari, maji huingia kwa mlango mmoja na kutoka kwa mlango huo huo. Maji yakitoka, sehemu kubwa ya hori huwa nchi kavu. Sasa mtu anayeuza safari za kayaki Mida anawezaje kumwita mteja saa mbili asubuhi siku ya bamvua?

Mjomba aliliona hata kabla hajavua viatu. Akamwita yule kijana mwongozaji pembeni, kwa adabu kabisa, akamwambia, "Mwanangu, maji yanatoka haya. Tutarudi na nini?" Kijana akajibu, "Mzee, tulia, hii kazi naifanya kila siku." Mbele ya watu. Mtu aliyekesha baharini kabla wewe hujazaliwa anaambiwa atulie.

Kisha tukasubiri kundi jingine la vijana wanne lililochelewa. Tukaingia majini saa tatu kasorobo. Baadaye nikaja kujua kwamba jioni, maji yakiwa yamejaa vizuri, mwenye biashara alikuwa na wageni wengine wa kwenda kutazama jua likitua. Saa ya maji waliuziwa wao, sisi tukauziwa saa ya tope kwa bei ile ile.

Majaketi ya kujiokolea yalikuwepo. La mtoto lilikuwa la mtu mzima na kifungo kimoja kimekatika, mjomba akalifunga kwa kamba. Hilo sitalikalia sana, ingawa peke yake lingetosha kutufanya turudi nyumbani, na najilaumu kwamba hatukurudi.

Nusu saa ya kwanza ilikuwa nzuri, lazima niseme kweli. Tulipita kando ya mikoko, maji meupe unaona chini. Mjomba akawa anamwonyesha mtoto: huu mkoko wenyewe, mizizi yake inasimama kama miguu ya kaa, na ule mchu, mizizi yake inachomoza kwenye tope kama vidole ili ipate hewa, na kule mkandaa. Akamweleza kwamba zamani boriti za miti hii zilikuwa zikipakiwa majahazini kwenda Uarabuni kujengea nyumba. Kasa mmoja akatoa kichwa, akavuta pumzi, akazama. Mtoto akaandika.

Halafu tukafika kwenye fungu la mchanga lililokuwa likianza kutokeza, na hapo walikuwepo wale ndege waliotupeleka. Kuna ndege mmoja mla kaa, mweupe, mgongoni mweusi, miguu mirefu, mdomo mweusi mnene kama koleo. Pwani yetu huja kuishi miezi kadhaa tu. Huzaa kwenye fukwe za Uarabuni na Ghuba na za Bahari ya Shamu, na huzaa kwa namna ya ajabu: huchimba shimo mchangani na kutaga yai moja, basi. Yai moja! Kifaranga kikikomaa husafiri na wazazi wake hadi huku, na kikifika bado hakijui kula vizuri. Miezi mingi mzazi huendelea kukilisha. Mwanangu alikuwa amesoma habari hizi zote na kazi yake siku hiyo ilikuwa moja tu, amwone mzazi akimpa mwana kaa.

Walikuwa kama sitini hivi, pamoja na wale wadogo wenye mdomo uliopinda kwa chini, ambao huja kutoka Siberia. Mwongozaji akawauliza wale vijana wanne, "Mmetayarisha simu?" Kisha akaipeleka kayaki yake moja kwa moja kwenye fungu, anapiga maji kwa bapa la kafi, anapiga kelele "hooo! hooo!" Kundi zima likaruka. Vijana wakashangilia, wakapiga video. Siwalaumu wao sana, walikuwa wageni na walidhani ndivyo inavyofanywa. Ndege wakazunguka, wakatua fungu la pili. Akawafuata. Akawarusha tena. Wakatua la tatu, mbali zaidi. Akawarusha tena, safari hii kwa sababu video ya mmoja haikutoka vizuri.

Mara ya pili nilimwita, "Kaka, tafadhali waache." Akanijibu, "Ndege si ataruka tu mama, ana mabawa."

Hili jibu ndilo limenifanya niandike. Ana mabawa, ndiyo, na mabawa yanaendeshwa na mafuta yaliyo mwilini mwake, na mafuta hayo hutoka kwenye chakula, na chakula chake kipo saa chache tu kwa siku, maji yakiwa yametoka. Ndege wa ufukweni hana saa ya kula anayoipanga yeye, anapangiwa na bahari. Maji yakijaa anasimama kwenye fungu au juu ya mikoko akingoja, maji yakitoka anakimbilia tope. Sisi tulifika saa ile ile anayoanza kula, tukamrusha mara tatu. Kampuni moja ikifanya hivyo leo, nyingine kesho, na msimu wa wageni ndio huu huu wa ndege, yule mdogo wa Siberia atapata wapi nguvu za kurudi kwao mwezi wa Aprili? Na Mida si mahali pa mtu binafsi. Ni sehemu ya hifadhi ya bahari ya Watamu, iliyotangazwa tangu 1968, na mwaka 1979 UNESCO ikaitambua kuwa hifadhi ya mazingira ya dunia. Mvuvi wa pale huambiwa avue wapi na kwa nyavu gani, na anatii. Mwenye kayaki naye atii.

Mwanangu alikuwa amefunga daftari. Hakulia. Aliniuliza tu kama wale makinda ya wala kaa wataweza kuwapata wazazi wao tena.

Katika kuwafukuza ndege tukaacha mkondo. Saa nne kasoro kayaki zikaanza kugusa chini. Saa nne tulikuwa tumepwelewa, kayaki tano juu ya majani ya bahari, tope pande zote, jua la Disemba utosini. Mwongozaji akasema tuburute. Tukaburuta kidogo, tukayang'oa yale majani ambayo kasa hula, tope linafika magotini. Mjomba akasimama akasema yeye haburuti, ambaye hajui bahari asimfundishe mwanawe wa dada kuiharibu, atakaa angoje maji yarudi. Ndipo kijana akaondoka kwa miguu na wale wanne kwenda kutafuta watu wa kusaidia. Akatuacha, mwanamke, mzee na mtoto, na chupa moja ya maji. Filimbi hakutuachia, wala nambari ya simu isiyokuwa ile yake iliyozimwa.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa.

Tukakaa. Mjomba alitandika kitenge changu juu ya makafi mawili tukapata kivuli, akamwambia mtoto asiseme wala asinyooshe kidole. Dakika kumi, hakuna kitu. Dakika ishirini, wakaanza kurudi wale wadogo wa Siberia, wanakimbia kama wanashona tope. Baadaye wakaja wala kaa, wakitembea, wanasimama, wanakimbia hatua mbili, wanachoma mdomo. Walifika kama hatua 30 kutoka tulipo. Miongoni mwao mmoja rangi yake ya kijivu, kainama, anamfuata mkubwa nyuma nyuma na kilio chembamba kisichokoma. Mkubwa akachomoa kaa, akampiga-piga, akageuka, akampa.

Mwanangu alinishika mkono, nikahisi kucha zake.

Basi kila tulicholipia tulikipata wakati mwongozaji hayupo na hakuna aliyesogea. Kazi yenyewe ndiyo hiyo, haina siri: ingia na maji yanayojaa, simama mbali, laza kafi, kaa kimya, tazama vichwa vya ndege. Wakiacha kula na kuinua vichwa wote kwa pamoja, umekaribia mno, rudi nyuma taratibu. Wakianza kutembea kukupa mgongo, umeshachelewa. Mjomba hakufundishwa haya kwenye semina yoyote.

Baada ya dakika hamsini hivi mwongozaji akarudi na wenzake wawili, wakikata katikati ya fungu, wakituita kwa sauti. Ndege wote juu. Ya nne hiyo.

Tukatoka kwa miguu. Karibu na mikoko mtoto akakanyaga chaza waliogandama kwenye mzizi, wakamchana wayo. Hapakuwa na kisanduku cha huduma ya kwanza. Nilimfunga kwa mtandio wangu. Tulifika nchi kavu saa saba, tukamkimbiza zahanati, akasafishwa, akachomwa sindano ya pepopunda. Gharama nililipa mwenyewe.

Jioni nilimpigia mwenye biashara. Alisikiliza kama dakika mbili, akasema pole mama, mambo ya bahari hayo, akaahidi kunirudishia nusu. Mambo ya bahari! Jedwali la maji kujaa na kukupwa hupigwa chapa kwa mwaka mzima. Mvuvi asiyejua kusoma anaijua saa ya maji kwa kutazama mwezi. Hapa bahari haikukosea hata dakika moja. Na nilipomweleza habari za ndege akasema wateja wengi hufurahia wakiruka. Nusu yake sijaitaka. Nilimwambia ninachotaka, nakirudia hapa hadharani ili na wengine wenye biashara hii waone: panga safari kwa maji, si kwa nafasi ya mwongozaji wako. Kama siku hiyo maji ni ya jioni, mwambie mteja njoo jioni, au njoo wiki ya maji mafu, mwezi ukiwa nusu, ambapo hujaa asubuhi kwenye saa nne, saa tano. Mwongozaji anayewarusha ndege kwa makusudi asiongoze tena mpaka afundishwe. Na mtoto apewe jaketi linalomkaa. Hajanijibu mpaka leo.

Najua Mida wapo wanaoifanya kazi hii kwa heshima, vijana wa pale pale wanaojua kila ndege kwa mlio wake. Mjomba ameshahesabu siku, anasema mwezi ukifika nusu maji yatakuwa mazuri asubuhi, na jeraha la mtoto litakuwa limepona. Anayemfahamu mwongozaji wa namna hiyo aniambie jina lake hapa chini. Nitamuuliza swali moja tu la kwanza: siku hiyo maji yanajaa saa ngapi?