Ushauri: seva ya bei za dagaa, niihamishie kwenye sola?

Mleta mada (Igoma)
Wakuu, salaam. Nina tovuti ndogo ya bei za dagaa na sangara za mwaloni Kirumba, Mwanza. Mdogo wangu hupita kwa wauzaji alfajiri, ananitumia bei, naziweka. Wasomaji ni akina mama wanaopeleka mzigo Shinyanga na Tabora, pamoja na wavuvi wa visiwani. Siku za giza, mwezi ukiwa haupo na dagaa wanavuliwa kwa taa, wanaingia wengi sana.

Seva, yaani kompyuta inayobeba tovuti, ni Raspberry Pi 4, kile kikompyuta cha ukubwa wa kiganja; ipo sebuleni na rauta ya laini ya simu. Umeme ukikatika, tovuti nayo inalala. Juzi ulikatika saa kumi na moja alfajiri, na mama mmoja akanipigia: amenunua magunia bila kujua bei ya siku hiyo. Iliniuma sana. Nafikiria paneli ya wati 100 na betri. Inalipa au natupa hela?

Fundi wa Nansio
Mkuu, anza na hesabu. Hiyo Pi na diski yake ikadirie wati 5, rauta wati 7. Jumla 12, mara saa 24, ni wati-saa 288 kwa siku. Kwetu huku jua kamili ni kama saa 5 kwa siku, kwa hiyo paneli ya 100 inatoa 500 kwenye karatasi. Toa joto, vumbi na upotevu wa kuchaji, unabaki na kama 350. Inatosha siku ya jua kali tu. Masika ikiingia, Machi hadi Mei, utalia. Chukua wati 200.

Betri ya asidi ya volti 12, Ah (ampea-saa) 100, ina wati-saa 1,200, lakini usiishushe chini ya nusu, utaiua. Hapo una siku mbili bila jua. Na usipitishe kwenye inveta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani! Inakula umeme hata ikiwa haina kazi. Toa volti 12 moja kwa moja kwenye betri, ishushe hadi 5 kwa ajili ya Pi. Rauta nyingi zinakula 12, ila soma kwanza kibandiko cha chaja yake.

Mama Buhongwa
Mimi napinga. Wati 12 kwa mwezi mzima hazifiki yuniti (kilowati-saa) 9. Yuniti moja haifiki shilingi 400, kwa hiyo kwenye LUKU unaokoa chini ya 3,600. Paneli, kontrola ya kusimamia chaji ya betri, nyaya na fundi vitarudisha hela lini? Kaka, shida yako ni umeme kukatika, bei ya umeme haikusumbui. Nunua betri na chaja yake, ichajiwe na TANESCO huyo huyo. Ungekuwa kisiwani ambako huna nguzo ningesema paneli leo leo.

Mleta mada
Dada, hilo sikuliwaza kabisa. Ila kuna siku umeme haurudi hadi usiku.

Mama Buhongwa
Betri ya saa 24 inakuvusha hapo. Paneli utaiongeza baadaye, betri ni ile ile, mradi ununue kontrola inayofaa.

Mjumbe wa Nyegezi
Mnasahau mnara. Umeme wa mtaa mzima ukikatika muda mrefu, mtandao wa simu nao unaweza kuyumba, na hapo Pi yako inawaka bila mtu kuifikia. Ukurasa wa bei ni maandishi matupu. Weka nakala yake nje, kwenye seva ya kukodi, ijisasishe kila ukibadilisha bei. Ya nyumbani ikilala, watu wasome nakala.

Seva ya sola si ndoto lakini. Tovuti ya Low-tech Magazine ilianza hivyo mwaka 2018 kule Barcelona, kwa paneli ya wati 50. Mawingu yakizidi inazimika, na wamewaambia wasomaji wazi. Je, mama wa magunia anaweza kusubiri mawingu yapite?

Mleta mada
Hawezi. Nimeng'ang'ania ya nyumbani kwa sababu mdogo wangu anajifunzia hapo, na sitaki aache. Basi nakala nje wiki hii, betri mwisho wa mwezi. Paneli nitaifikiria baada ya masika.

Fundi wa Nansio
Sawa. Fyuzi iwe karibu kabisa na betri. Na kadi ya kumbukumbu usiitegemee, umeme ukikatika ghafla inaweza kuharibika. Mfumo uwake kutoka kwenye diski. Siku ukipandisha paneli, fremu iwe na erthi, maana radi za ziwa hili usiku unazijua mwenyewe. Ielekeze kaskazini, mwinuko nyuzi 10 hivi, mvua ioshe vumbi na wale wadudu wa ziwani. Bati lako limeelekea wapi?

Mleta mada
Mashariki na magharibi, na kuna mwembe wa jirani upande wa magharibi.

Fundi wa Nansio
Kivuli cha mwembe kinaanza saa ngapi? Kitazame kesho uniambie.