Keria ya kuchomeka nyuma ya Prado: itabeba jenereta na vifaa mpaka Newala?

Fundi Pampu wa Chuno

Wakuu, habari za jioni. Niko Mtwara mjini, kazi yangu ni kufunga na kukarabati pampu za maji. Wateja wangu wengi wako Nanyamba, Tandahimba mpaka Newala. Pampu ikifa huko juu, watu wanarudi kununua maji kwa dumu, kwa hiyo nikipigiwa simu natoka siku hiyohiyo. Natumia Prado 120.

Shida yangu ni jenereta. Nikiiweka kwenye buti harufu ya petroli inajaa gari zima. Safari iliyopita kijana wangu msaidizi alitapika mara mbili kabla hatujafika Nanyamba, na mimi kichwa kiliniuma mpaka usiku. Vioo tulifungua vyote, tukaishia kula vumbi.

Nimeona magari yenye keria ya chuma nyuma, ile inayochomekwa kwenye tundu la mraba la inchi 2 la chuma cha kuvutia tela. Nataka nifunge chuma hicho, kisha keria nichongeshe hapa hapa. Nipakie jenereta, sanduku la spana na roli za waya. Aliyewahi kutumia anisaidie kabla sijatoa hela. Natanguliza shukrani.

Dereva wa Kusini

Mkuu, pole kwa kijana. Hiyo harufu usiizoee hata siku moja, mvuke wa petroli ndani ya gari lililofungwa ni hatari kwa mapafu na kwa moto pia. Kuitoa nje jenereta ni wazo sahihi. Ila vitu vyote hivyo ulivyotaja vina kilo ngapi?

Fundi Pampu wa Chuno

Kaka, sijapima. Kwa kukisia jenereta ni kama 45, spana 40, waya 30. Keria yenyewe fundi kasema haitazidi 25.

Bibi Gereji

Mwanangu, hapo umefika 140, na ngoja nikuonyeshe zinavyofanya kazi. Kutoka ekseli ya mbele mpaka ya nyuma, Prado yako ina mita 2.79. Katikati ya keria itakuwa kama mita 1.6 nyuma ya ekseli ya nyuma. Ni bembea ile ya watoto ya ubao: anayekaa nje anamnyanyua wa upande wa pili. Zidisha 140 kwa 1.6, gawanya kwa 2.79, utapata 80. Maana yake ekseli ya mbele inapunguziwa kilo 80, na ya nyuma inabeba zile 140 pamoja na hizo 80, jumla 220. Kabla hujampandisha mtu yeyote kiti cha nyuma.

Mbele kukiwa kwepesi usukani unalegea na breki za mbele, ambazo ndizo zinazofanya kazi kubwa, zinapungukiwa na mshiko. Kwenye kokoto utalijua hilo ukiwa umeshachelewa. Mzigo uleule ukiuweka ndani, juu ya ekseli au mbele yake kidogo, gari linatulia. Wengi wanaotengenezewa keria hapa hawaambiwi hili, wanaambiwa tu kwamba chuma ni kinene.

Ukinunua chuma cha kuvutia tela cha kiwandani, tafuta kibati chake. Vingi vinavyotoka Ulaya vimeandikwa herufi S na kilo, huo ndio uzito kinaoruhusiwa kubeba kwa kukandamizwa kutoka juu. Keria inahesabiwa humo humo. Usichanganye na uzito wa kuvuta, ule ni mkubwa mara nyingi zaidi.

Mzee wa Mikindani

Naongezea lililonipata. Nilichongesha keria, fundi akatumia bomba la kawaida la mraba akalichomelea kwenye fremu kwa pembeni tu, bila kuweka pembetatu za kuimarisha. Lilipendeza kwa rangi. Nimevuka Mnivata, lami imekwisha, naruka shimo moja nasikia mlio kama wa bati. Kutazama kioo, deli la barafu na mzigo wote uko barabarani na bodaboda aliyekuwa nyuma yangu ameingia porini kukwepa. Alisimama mzima, Mungu mkubwa. Mikono ilinitetemeka mpaka nilipofika.

Chuma kilikatika pale pale kwenye maungio. Kila tuta lilikuwa linakikunja na kukikunjua. Kwa hiyo ule mkono unaoingia kwenye tundu uwe bomba zito, upite chini ya fremu mpaka mwisho wa keria, usiishie ukingoni. Na ukishauchomeka uubane kwa bolti ya pembeni usicheze, maana pini peke yake inaacha nafasi, na mtikisiko ndio unaokata vyuma. Kila ukisimama kunywa chai, inama uangalie.

Mama Wawili Masasi

Samahani naingilia, mimi si fundi, ila mume wangu ana keria kama hiyo. Usisahau mlango! Prado mlango wa nyuma unafunguka kwa pembeni, sisi kila tukitaka kitu ndani tunashusha mzigo kwanza. Taa na kibati cha namba navyo vilifichwa, trafiki akatusimamisha na alikuwa na haki yake. Tulihamishia namba na taa kwenye keria, fundi umeme akavuta waya.

Bibi Gereji

Asante mama, hilo la taa ni la uhai hasa jioni, mtu wa nyuma asipoona breki yako anakuingia. Na mwanangu, angalia mdomo wa ekzosi unapulizia wapi. Tangi la jenereta likikaa juu ya moshi wa moto umetoka kwenye tatizo dogo ukaingia kubwa. Ekzosi inaweza kukunjwa itokee pembeni.

Dereva wa Kusini

Kuiweka juu ya paa je?

Mzee wa Mikindani

Kilo 45 za jenereta mnanyanyua watu wawili mpaka juu, mkiwa mmechoka na kazi, na gari linayumba kwenye kona za kupanda Newala. Paani aweke roli za waya kama anataka. Tela ndogo ingefaa, lakini kwa safari za ghafla kama zake ni mzigo mwingine.

Fundi Pampu wa Chuno

Shikamooni wazee wangu, nimewaelewa. Leo nimeazima mzani wa korosho nikapima: jenereta ina 47, keria fundi kaniahidi 23. Jumla 70. Kwa hesabu ya bibi, mbele napoteza 40 na nyuma inabeba 110. Spana na waya nimeviweka ndani, nyuma ya kiti cha kati, nimefunga kwa mikanda.

Keria nimeomba iwe fupi, jenereta ikae karibu kabisa na gari, ekzosi itokee kulia. Mlango utabaki usumbufu, nimeukubali. Petroli sitaibeba tena kutoka mjini, tangi litakwenda tupu na koki imefungwa, nitajaza Tandahimba. Jumamosi naenda gereji, nitasimama pale fundi akichomelea.

Mzee wa Mikindani

Simama kweli. Na upake rangi ya kuzuia kutu mpaka ndani ya bomba, chumvi ya bahari hapa kwetu inaanzia humo.